Anyamaze, Lakini Abishe Hodi

(Maneno niliyoyasema Ngamiani, Tanga, mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza gemu na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nimepunguza tu marudio.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyie mliojazana huko nyuma madirishani, mambo vipi?

Nashukuru kwa kualikwa, ingawa mwaliko wenyewe ulikuwa na mtego ndani yake. Vijana walinifuata nyumbani wakaniambia: "Mama, wewe umekula kwa sauti yako miaka yote, redioni kwanza, kisha kwenye kuingiza Kiswahili katika tamthilia za nje. Sisi tunatengeneza gemu na tumegombana. Nusu yetu tunataka stelingi aongee, nusu tunataka awe kimya. Njoo utuamulie." Walidhani jibu wanalijua. Stelingi akiongea, mtu kama mimi anapata kazi, na unga unapatikana. Basi leo nawaangusha. Kwa gemu hii mnayoitengeneza, stelingi anyamaze toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa maneno machache ambayo akinyimwa hayo hatakuwa mtu wa Tanga wala wa pwani yoyote. Hayo machache nitayafikia.

Kwanza niwatoe wazee tongotongo. Stelingi mnamjua tangu enzi za sinema: ndiye asiyekufa. Kwenye gemu mambo yamegeuka, stelingi anakufa kila baada ya dakika mbili, kwa sababu anayemwendesha ni mjukuu wako. Na hapo ndipo penye ubishi wote. Kwenye sinema stelingi ni mtu mwingine, wewe unamtazama. Kwenye gemu stelingi ni mtu mwingine na ni wewe pia. Akifungua mdomo, nani ameongea?

Zamani ubishi huu haukuwepo kwa kuwa nafasi haikuwepo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 iliingia yote, ramani zake, maadui zake na muziki wake, katika kaseti ya kilobaiti 40. Picha moja uliyopiga kwa simu hapo ulipokaa haienei humo. Sauti ya binadamu ungeiweka wapi? Watu waliandikiwa maneno kwenye kioo, stelingi akabaki anaruka na kukimbia. Zilipokuja CD, zenye kubeba megabaiti 650 na zaidi, watengenezaji wakapata pa kumweka mtu anayeongea. Ila kufikia hapo baadhi yao walishaonja utamu wa ukimya, wakakataa kuuacha.

Mnavijua vibanda vya gemu vya barabara za namba huku kwetu. Runinga ya chogo, mashine ya gemu ya PS2 nyembamba ambayo mfuniko wake umebanwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, pedi mbili ambazo moja kijiti chake kimenyofoka ngozi, na mwenye kibanda amekaa mlangoni na saa. Nimefuata watoto kwenye vibanda hivyo mara nyingi kuliko nilivyopenda, nikiwa na fimbo mkononi. Na nikiwa mtu wa sauti, nilichokuwa nakisikia kabla hata sijaingia ni sauti.

Mwaka 2001 ilitoka Grand Theft Auto III. Stelingi wake, Claude, anapigwa risasi na mpenzi wake mwenyewe kwenye wizi wa benki, anaachwa hapo, anainuka, na gemu nzima inaisha hajasema neno. Sasa sikilizeni kibanda kilivyokuwa. Mtoto anamvuta dereva kutoka kwenye gari, na mtoto mwenyewe anasema kwa niaba ya Claude: "Samahani mzee, naazima mara moja, nampeleka mgonjwa Bombo." Kibanda kizima kinaangua kicheko. Mwingine anadakia kwa niaba ya dereva: "Mgonjwa gani na wewe una bunduki?" Polisi wanakuja, kuna mtoto anawasemea polisi. Ilikuwa mchezo wa kuigiza kamili, kwa Kiswahili, na hakuna aliyeuandika. Ni kazi ileile waliyoifanya kina Lufufu kwenye vibanda vya video, kusimulia sinema ya watu kwa Kiswahili chetu, ila hapa kila mtoto alikuwa Lufufu.

Mwaka uliofuata wakamleta Tommy Vercetti wa Vice City, wakampa sauti ya Ray Liotta, mwigizaji mkubwa wa sinema. Na mwaka 2004 akaja... nimesikia huko nyuma. Ndiyo, CJ wa San Andreas. Kaa chini, mwanangu, nazungumzia CJ sasa hivi.

CJ alipoingia, kibanda kilinyamaza. Watoto walitega masikio. Walikuwa wanasikiliza Kiingereza cha mitaa ya Los Angeles, wanaokota neno moja moja, mengine wanayarudia bila kujua ni matusi, na sisi mama zao pia hatujui, tunaambiwa "shikamoo mama" na hilo tusi humohumo. Hawakuwa wakimsemea tena stelingi. Ana mdomo wake, unamsemeaje?

Msinielewe vibaya. Simtoi kasoro CJ. Kisa chake kinaanza kwa msiba: mama yake ameuawa, na yeye anarudi nyumbani baada ya miaka mitano, kaka yake amemnunia kwa kuwa aliondoka. Mtu kama huyo utamfungaje mdomo? Nani anafika msibani kwao, tena amechelewa, tena ana lawama, halafu asiseme kitu? CJ alibidi aongee, na Young Maylay aliyempa sauti alimtendea haki. Kuna mahali katika gemu hiyohiyo CJ anakutana na Claude, na Claude hata hapo hafungui kinywa. Wamesimama uso kwa uso, mmoja ana historia, mwingine ni kiti cha mchezaji kukalia. Wote wawili wako sawa. Tatizo linaanza pale unapoweka mdomo kwenye kiti.

Fallout ndiyo shule ya jambo hili, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa inahusu kazi yangu. Katika Fallout 3 ya mwaka 2008 mchezaji anaandikiwa sentensi kamili anazoweza kusema, anachagua moja, wenzake wanajibu kwa sauti. Ya kwake anaisikia kichwani. Mwaka 2015 Bethesda wakatoa Fallout 4 na kumpa stelingi sauti. Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, ili mchezaji achague, na kila mmoja akarekodi sentensi zaidi ya 13,000. Ndugu zangu, mimi nimekaa kwenye kile chumba kilichozibwa magodoro. Sentensi mia kwa siku koo linawasha. Unakunywa maji ya uvuguvugu, unarudia "njoo hapa" mpaka inakosa maana. Zaidi ya 13,000! Nawavulia kilemba hao wawili.

Lakini angalieni kilichotokea upande wa pili. Sentensi kamili zikaondoka kwenye kioo, zikabaki chaguo nne, moja kwa kila kitufe, kila moja neno au maneno mawili. Unabofya "kejeli" ukidhani utamtania mtu kidogo, stelingi wako anamtukana. Wewe umekaa na pedi, mdomo wazi, kama mzazi ambaye mwanawe amesema jambo mbele ya wageni. Hazikupita siku nyingi mashabiki wenyewe wakatengeneza nyongeza ya kurudisha sentensi kamili kwenye kioo. Na kampuni ileile ilipotoa Starfield mwaka 2023, stelingi alikuwa kimya tena. Mwaka huohuo Baldur's Gate 3 ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Humo kila mtu anaongea, hata ng'ombe anaongea ukinywa dawa ya kuwasikia wanyama, ila yule uliyemtengeneza wewe mwenyewe, maneno yake unayachagua na kuyasema kimoyomoyo.

Kwa hiyo fedha zenyewe zimesema. Sentensi za stelingi ndizo ghali kuliko zote, kwa sababu yeye yupo kila mahali na anaweza kusema lolote. Nyie mna kompyuta ngapi? Tatu, na moja ya kuazima. Basi.

Kuna upande wa pili, sitaki mniambie nimeuficha. Dead Space ya mwaka 2008 ina Isaac Clarke, fundi, anaingia kwenye meli ya angani iliyojaa maiti zinazotembea, na humo anamtafuta mpenzi wake, Nicole. Watu wanamwambia habari za Nicole, naye anatazama tu. Hashtuki, haulizi. Kimya kile hakikuwa nafasi ya mchezaji tena, kilikuwa kama mtu aliyefiwa na hajali. Walipotoa ya pili mwaka 2011 wakampa sauti, na walipoitengeneza upya ile ya kwanza mwaka 2023, wakampa sauti humo pia. Walifanya vema. Mtu mwenye jina, kazi na mpenzi aliyepotea, kumnyamazisha ni kumdanganya mtazamaji.

Sasa mfano mzuri wa kunyamaza, na baada ya huu narudi nyumbani. Portal 2, mwaka 2011. Stelingi ni mwanamke, Chell, amefungiwa kwenye maabara inayoendeshwa na mashine yenye ulimi kuliko mawifi wote wa wilaya hii. Mwanzoni roboti mmoja mdogo anataka kuhakikisha Chell hajaharibika ubongo. Anamwomba aseme "tufaha". Kwenye kioo inatokea: bofya hapa useme. Unabofya. Anaruka. Roboti anasubiri. Unabofya tena, anaruka tena. Waandishi wanakuchekesha na wanakuambia hapohapo: huyu hatasema, zoea. Halafu ile mashine inakuja, inamtukana saa nzima, inamsema mwili, inamsema wazazi, na Chell hajibu hata herufi. Akina mama wenzangu mnaelewa hapo. Kumjibu ni kumpa bei.

Haya, nyumbani.

Mnaniambia gemu yenu ni ya mtaa. Kijana anatoka zake Pangani, amekuja Tanga kumtafuta mjomba, anazunguka nyumba kwa nyumba, na mchezaji ndiye atakayemwandikia jina, mwanamume au mwanamke. Vizuri. Umempa mchezaji haki ya kutaja jina, usimnyang'anye haki ya kusema. Stelingi wenu ni kiti. Anyamaze.

Ila nilipocheza hicho kipande mlichonionyesha, nilifika kwenye nyumba ya kwanza, nikabofya mlango, ukafunguka, nikaingia hadi uani ambako bibi anapepea mkaa. Nikapekua kabati lake. Bibi akaendelea na mkaa wake.

Mmejifunza wapi hii? Nawaambia wapi. Mmejifunza kwa Link. Link wa The Legend of Zelda yuko kazini tangu mwaka 1986, hajawahi kuwa mtu wa maneno kwenye zile gemu zake kubwa, na ni stelingi ninayempenda. Katika Breath of the Wild ya mwaka 2017 binti mfalme Zelda anaongea kwa sauti, Link bado kimya, na ukisoma shajara ya Zelda unakuta sababu: kijana amebebeshwa matumaini ya nchi nzima, anaona ni lazima asimame imara asionyeshe udhaifu. Limekaa vizuri sana. Lakini huyohuyo Link anaingia kwenye nyumba za watu bila kugonga na kuvunja mitungi yao akitafuta fedha. Huko alikotoka labda inavumilika. Hapa Ngamiani uingie uani kwa mtu bila hodi, umkute mama wa watu amefunga khanga moja, hutavunja mtungi, utavunjwa wewe.

Kwetu kimya cha mlangoni si utulivu, ni utovu wa adabu, au ni wizi. Kijana anayepita mbele ya baraza la wazee bila kutoa shikamoo, jina lake litajadiliwa mpaka adhuhuri, na mama yake atatajwa. Kwa hiyo ile hoja ya Wamarekani na Wajapani, kwamba stelingi kimya hana tabia yoyote hivyo mchezaji anajaza mwenyewe, kwetu haisimami yenyewe. Asiyesalimia ameshakuwa na tabia. Ana kiburi.

Basi mpeni kitufe cha kusalimia. Hili limeshafanyika. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ina Arthur Morgan, ukimlenga mtu yeyote njiani unapata chaguo la kumsalimia au kumchokoza, na watu wanaitikia. Nimecheza ile gemu kwa ajili ya kitufe hicho kimoja. Farasi na bunduki nimewaachia wenye nazo. Lakini kitufe cha salamu cha Arthur ni kimoja kwa wote. Yetu ina ngazi. Stelingi wenu ana miaka ishirini na ushee: kwa bibi wa mkaa ni shikamoo, kwa rika lake ni mambo, kwa mtoto wa darasa la pili yeye ndiye anayepewa shikamoo na lazima aseme marahaba. Akikuta watu wanafanya kazi, atasema za kazi. Akikuta turubai limefungwa na watu wamekaa chini, akisema habari za asubuhi amekwisha, hapo ni poleni. Hesabuni: hayafiki maneno ishirini. Waigizaji wawili, mchana mmoja, mmemaliza. Mwenzenu wa Fallout 4 alikuwa bado yuko kwenye sentensi ya ishirini na moja kati ya 13,000.

Na mchezaji akichagua vibaya? Muacheni achague vibaya! Hapo ndipo mchezo ulipo. Akimwambia mzee "mambo", mzee asimfokee, amwitikie tu "salama", kwa ile sauti. Mnaijua ile sauti. Kuanzia hapo mzee hajui mjomba anakaa wapi, hajawahi kumsikia.

Nakuja kwenye hodi yenyewe. Hodi ni mara tatu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, usipoitikiwa unaondoka, hata kama mlango uko wazi na redio inasikika ndani. Sasa tengenezeni hivyo. Kitufe cha hodi. Mchezaji anabisha ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Mlango uko wazi, barua ya mjomba anaiona mezani, pale, inaonekana kutoka kizingitini. Msimfungie njia. Msimwandikie onyo lolote kwenye kioo. Akitaka kuingia aingie, aichukue barua, atoke, asikutane na mtu. Kisha jioni anapita barabarani na kila baraza linanyamaza anapokaribia na kuanza tena kuzungumza akishapita. Hakuna alama nyekundu, hakuna polisi. Mtaa umejua tu, kama mitaa inavyojua. Stelingi hajasema neno zaidi ya hodi na mchezaji atakuwa amekaa pale anajitetea kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya kioo: "Jamani nilibisha mara tatu!"

Mtu akiniambia gemu ya namna hiyo ilimhitaji stelingi mwenye hotuba ndefu, nitamwomba anionyeshe wapi.

Kwa mchezaji atakayechagua stelingi mwanamke nina jambo jingine, na hili nalitoa bure. Mnataka aseme bila kusema? Mvisheni khanga. Kila asubuhi kabla hajatoka, anafungua sanduku, mchezaji anachagua khanga. Kuna "Wema hauozi", kuna "Japo sipati tamaa sikati", kuna "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Halafu anakwenda shughulini. Hafungui mdomo. Anapita mbele ya yule jirani aliyemzulia, na lile neno liko mgongoni linasomeka. Mwangalie jirani anavyogeuka. Mwangalie mama mkwe anavyosoma na kumnong'oneza wa pembeni. Wanawake wa pwani hii wamekuwa mastelingi kimya kwa vizazi na hakuna aliyesema hawajasikika. Kazi hiyo haihitaji hata kipaza sauti, inahitaji mchoraji anayejua pindo na mji wa khanga unavyokaa, na mtu wa kuandika namna majirani watakavyojibu. Hapo ndipo mtumie fedha zenu.

Kuna jingine linalonifanya nimnyamazishe. Lahaja. Mkimpa stelingi sentensi ndefu, kabla hajamaliza ya kwanza mchezaji wa Mwanza ameshajua si wa kwao, wa Lubumbashi anacheka, na wa Mombasa ameanza kusahihisha. Hakuna Kiswahili kisicho na kwao. Mimi mwenyewe niliambiwa studio nipunguze utanga. Watu wa mtaani wawe na utanga wote, ndiyo raha ya gemu yenyewe, mchezaji aje mjini kwetu asikie watu wanavyozungumza. Lakini yule aliyekalia kiti awe anaweza kutoka popote. Shikamoo ni ileile Mwanza na hapa Chumbageni.

Najua mnachotaka kuniambia. Mmesubiri miaka mingi kusikia lugha yenu, na nawaambia mnyamaze? Nalijua jeraha hilo. Mwaka 2009 Capcom wa Japani walitoa Resident Evil 5, kisa kimewekwa Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi. Wale watu walioharibiwa na vimelea, wanaokuja na mapanga, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Afrika Magharibi! Stelingi Chris anaongea Kiingereza, mwenzake Sheva, Mwafrika, anaongea Kiingereza, na Kiswahili kimeachiwa wanaopigwa risasi. Watoto kibandani walikuwa wanashtuka: wanamwelewa adui, hawamwelewi stelingi. Kabla ya hapo angalau tulikuwa tumeimbwa: ule wimbo wa Civilization IV, Baba Yetu, wa Christopher Tin, maneno yake ni sala kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulipata Grammy, wimbo wa kwanza wa gemu kuipata. Kuimbwa ni heshima. Kuzungumza ni jambo jingine.

Na lilikuja. Mwaka 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alifiwa na baba yake, na gemu yote ni msiba ule: kijana Zau anakwenda kwa mungu wa mauti, Kalunga, kumdai baba yake. Inachezeka kwa sauti za Kiswahili. Niliposikia stelingi, si adui, si mpita njia, stelingi, anazungumza Kiswahili, nilizima feni nisikie vizuri. Zau lazima aongee. Ana jina ambalo mchezaji hakumpa, ana baba ambaye si baba wa mchezaji. Siku nyie mtakapotaka kutengeneza gemu ya mtu fulani, mwenye uchungu fulani, nipigieni simu, nitakuja na maji yangu ya uvuguvugu. Gemu hii si hiyo.

Mwisho, kuna kijana aliyeniambia pembeni kwamba siku hizi mashine inazungumza Kiswahili, hakuna haja ya kumlipa mtu. Waigizaji wa sauti wa gemu huko Marekani waligoma Julai 2024 kwa sababu ya mambo hayohayo, na mgomo wao uliendelea hadi mwaka 2025. Mimi sigomi, nawapa mtihani. Ipeni mashine "hodi". Itawasomea kama tangazo la benki. Hodi ya kweli inavutwa, ya kwanza ya chini, ya pili imepanda, ya tatu ina kusitasita ndani yake kwa kuwa mtu ameanza kuona aibu. Na "karibu" inayotoka uani, ya mtu ambaye mikono yake ina unga na hajui ni nani aliyekuja, hiyo nimejaribu studio miaka mingi na sijaipata sawasawa.

Kwa hiyo msianze na mimi. Anzeni na mabibi zenu. Mwombeni ruhusa bibi, mwelezeni ni ya nini na itasikika wapi, kisha mwacheni aendelee na shughuli zake uani, wewe simama nje na kinasa sauti, ubishe. Rekodini mabibi wa barabara tofauti, na wazee wa barazani, na yule mama wa vitumbua ambaye anaitikia salamu bila kuinua macho kwenye kikaango. Na malipo yao yaandikwe kwenye bajeti kabla ya yangu.